Hitima ya Bi Rukia

Harufu ya unga wa muhogo ukichemka na kuwa gundi hunirudisha hadi leo chumbani kwa shangazi yangu Mwanaidi, pale Kibiti, msimu mmoja wa mavuno ya mpunga nilipokuwa mtoto. Kuta zake za udongo zilifunikwa kwa kurasa za magazeti ya picha, yale makuukuu ambayo mwenye duka, Bwana Ramji, aliyatumia kufungia sukari. Shangazi alikuwa amemsihi asifungie chochote kwenye kurasa zenye waigizaji wa runinga. Gundi ikipoa tulibandika pamoja, yeye akilainisha karatasi kwa kiganja. Pahali pa heshima, ukutani juu ya kitanda, alikaa Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa mama mkwe katika mchezo wa kila Alhamisi. Jina lake halisi hatukulijua wala hatukulihitaji. Lo, yule mwanamke alijua kuigiza! Hapayuki, hapigi kelele. Anavuta tu kanga begani, anamtazama mkwewe kuanzia miguuni, na baraza zima la duka, tulikojazana kutazama runinga, linanyamaza. Na ile picha yake, nyeusi na nyeupe! Mpiga picha alimkalisha karibu na dirisha, mwanga ukamwangukia shavu moja tu, na ukimtazama unajua kabisa anafikiri nini. Siku hizi napiga picha mia kwa simu na sipati moja ya kuifikia.

Alhamisi moja Bi Rukia akafa mchezoni. Tuliona sanda, tukaona jeneza likibebwa mabegani, tukasikia vilio. Shangazi alilia njia nzima. Kesho yake akatoa mpunga wa kutoka Mbuchi aliouweka kwa ajili ya sikukuu, akautwanga, akaita majirani na maalim wa chuo cha Kurani, ambaye runinga haangalii, wamsomee marehemu hitima. Usicheke. Kwetu jeneza halibebwi kwa mchezo. Nani angedhani watu wazima wangelifanyia utani? Maalim alipouliza marehemu ni binti nani, shangazi akababaika. Asiyejulikana mama yake huitwa kwa mama yetu sote, basi akajibu, "Rukia binti Hawa." Tukasoma, tukala wali, tukatawanyika na majonzi yetu.

Haukupita muda, likaja gazeti jingine. Ukurasa mzima: Bi Rukia anatafuna hindi la kuchoma, anacheka hadi magego yanaonekana! Mtaa mzima ukavunjika mbavu. Jirani yetu Somoe ndiye aliyezidi: "Mwanaidi shoga yangu, marehemu wako ana meno mazuri!" Kisimani, sokoni, hata harusini, ikawa ndiyo salamu. Mimi roho iliniuma, maana niliogopa shangazi ataona haya abandue picha zote, na chumba kile ndicho kilikuwa dunia yangu. Akapika gundi. Akaibandika ile ya hindi kando ya ile ya dirishani, kisha akatoka uani akamwambia Somoe, "Alhamdulillahi, yu hai. Au mlitaka afe kweli, ati wali wangu usipotee bure?"

Sasa nimo katika kundi la simu la wapenzi wa michezo ile ya zamani. Tunatumiana picha za magazeti yale, tunabishana nani alikuwa fundi zaidi. Mwaka huu ikaja habari kwamba Bi Rukia amefariki, na safari hii ni kweli. Kundi likajaa vikatuni vya machozi. Kabla ya jioni watu walishahamia kwenye mpira. Nikaenda Kibiti nikamwambie shangazi uso kwa uso. Nyumba yake siku hizi ni ya tofali, lakini picha zile mbili alizilowesha zikabanduka kabla ukuta wa udongo haujabomolewa, na sasa zimo kwenye fremu. Nilipompa habari, alizigeukia. "Mwanangu," akasema, "mara ile tulimsomea kwa jina la kazi. Lake hasa nani? Na mama yake?"

Nikauliza kundini. Mwishowe akajibu mzee mmoja, mpiga picha mstaafu, yule yule aliyemkalisha karibu na dirisha.

Siku ya hitima Somoe alikuja na nazi zake, akaketi kwenye mbuzi akakuna bila utani hata mmoja. Maalim wa sasa alipouliza marehemu ni binti nani, shangazi alijikohoza, akatamka polepole kila mtu asikie: "Tatu binti Sikudhani."