Nilimjibu kwa Jina la Bibi

Babu yangu Hinrich Bruhns aliniita mke wangu tangu siku nilipotua Sydney, mwaka 2010, nikiwa na begi moja na barua ya chuo cha uuguzi. Kwetu Meru hilo si jambo la kushangaza. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na babu humtania kwa jina hilo maisha yake yote. Bibi alikuwa Gakii, nami ni Gakii. Kilichonishangaza ni kuusikia utani huo kutoka kwa Mjerumani mwenye pua nyekundu, aliyenipokea uwanja wa ndege akanieleza, kwa Kiswahili chake cha mafundi, kwamba mke mkubwa yuko nyumbani Granville anachemsha githeri, mahindi na maharagwe, na mke mdogo asijidai kwa sababu hata kupika hajui. Nilimkasirikia. Kupika nilijua.

Alizaliwa karibu na Bremen mwaka 1930. Vita vilimwacha bila mama wala nyumba, na alipofika miaka ishirini na mmoja akapanda meli kuja Australia kwa mkataba wa kuchimba mahandaki milimani. Huko aliacha vidole viwili vya mkono wa kushoto. Akaenda jangwani kutafuta mawe ya opali, akaishi chini ya ardhi kama fuko, akapata jiwe moja zuri, na jiwe hilo lote likaishia kwenye tiketi ya meli ya Mombasa, kwa sababu mlevi mmoja alimwambia kwamba Kenya wanatafuta wachimba visima. Sababu yenyewe ndiyo hiyo tu. Babu hakuwa mtu wa kufikiri mara mbili.

Alichimba visima Isiolo, akachimba Marsabit, mpaka malaria ilipomwangusha, akalazwa katika hospitali ya misheni huko Meru. Bibi alikuwa akifua mashuka pale. Alimkaripia kwamba shuka lake linachafuka kuliko ya wagonjwa wote kwa kuwa hataki kuvua viatu. Wakaoana mwaka 1966. Wazee walipotaja asali ya mahari, Babu alikataa kuinunua sokoni. Alipanda mtini mwenyewe kuupakua mzinga, na siku ya kupeleka mahari alifika kwa wakwe uso umevimba hata hawakumtambua. Bibi alikisimulia kisa hicho akicheka huku ameshika mbavu.

Mwaka 1973 alimleta Bibi Sydney pamoja na baba yangu, aliyekuwa na miaka sita. Alimwahidi kwamba ni miaka miwili tu, kisha wangerudi. Mama yake Bibi alikuwa hai bado, na ahadi hiyo alipewa yeye pia, mbele ya watu. Miaka miwili ikawa arobaini. Baba alipokuwa kijana alirudi Kenya, akaoa, nikazaliwa. Bibi alibaki.

Siku moja mwaka 2012 tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, nikamuuliza kwa nini hakuwahi kwenda kumzika mama yake. Hakunitazama. Alinieleza kwamba mwaka 1979 kaka yake aliandika kuwa mama yao yu mahututi na anamwita. Barua zao zilikuwa zikiingia katika sanduku la posta, na ufunguo alikuwa nao Babu. Barua ilipomfikia Bibi mkononi, mama yake alikuwa ameshazikwa. Babu alisema posta ya Kenya inachelewa.

"Barua haiji kwa ndege ikinuka dizeli," Bibi akaniambia. "Ilinuka koti lake la kazi."

Nikamuuliza alifanya nini basi. Akasema alipika, Babu akala. Na mimi, mjinga, sikumuuliza zaidi. Mwaka uliofuata moyo wake ulisimama ghafla, tukamzika katika makaburi ya Rookwood.

Baada ya hapo akili ya Babu ikaanza kumponyoka. Kiingereza ndicho kilichotangulia kupotea, kisha majina ya majirani, kisha njia ya kwenda dukani. Tulimpeleka kwenye nyumba ya wazee karibu na Westmead, ili nikitoka zamu hospitali nipitie kwake. Aliniita mke wangu kama kawaida, nami nikacheka kama kawaida. Kicheko kiliniisha siku aliponishika mkono akasema, "Gakii, ile barua. Nilikaa nayo wiki tatu. Niliogopa utaenda na mtoto na usirudi."

Nilimwambia ukweli. Mimi ni mjukuu, Bibi amekufa. Babu alilia kama mtu aliyepashwa habari hiyo kwa mara ya kwanza, na kwake ilikuwa ya kwanza kweli. Kesho yake aliuliza tena, nikamjibu vilevile. Nilimuua Bibi mara nne mbele ya mzee yule, kwa ukaidi wangu wa kutaka mambo yawe sawa.

Lydie, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akimwogesha, alinivuta kando kwenye korido.

"Dada, umujibu tu. Ule mzee anateseka bure. Anangoja neno moja tu."

Nikamwambia, "Si uongo naogopa, Lydie. Kazini tunawadanganya kila siku, it's part of the job. Lakini huu msamaha si wangu. Bibi hakuniachia."

Lydie alinitazama kwa huruma, akarudi kwa kazi yake. Nami nikawa napita haraka haraka, nasema nimechelewa, ili nisiulizwe. Hilo linaniuma kuliko mengine yote. Kwa mwaka mzima nilimkimbia mtu aliyenilea katika nchi ya ugeni.

Juni 2017 mapafu yake yalijaa maji. Mimi ni muuguzi, sikuhitaji kuelezwa. Niliingia saa tisa alasiri nikiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa macho, akanitambua kwa namna yake.

"Gakii. Bado umenikasirikia?"

Nikakaa kitandani. Nikamshika ule mkono wenye vidole vitatu.

"Nilijua, Hinrich. Barua ilinuka dizeli."

Nilisikia toroli ya chai ikipita nje.

"Ulijua, na ukanipikia?"

"Nikakupikia."

"Kwa nini?"

Mpaka hapo nilikuwa nimesema maneno ya Bibi mwenyewe. Kwa swali hilo Bibi hakuniachia kitu. Babu alinikazia macho, na pumzi yake ilikuwa fupi.

"Kwa sababu nilikusamehe," nikasema.

Akafumba macho. Siku mbili baadaye alifariki, asubuhi, bila purukushani, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Kwenye ibada nilisoma wasifu wake mimi. Nilieleza mahandaki, opali, mlevi aliyempeleka Kenya, na asali ya mahari. Watu walicheka, hata wale wazee Wajerumani wawili waliotafsiriwa na mchungaji. Barua sikuitaja. Tulimshusha kando ya Bibi, kila mtu akatupa udongo wake, kisha wakaenda ukumbini kunywa chai.

Mimi nilibaki. Niliwalilia wote wawili, lakini niliinama upande wa Bibi, kwa sababu yeye ndiye niliyemkosea.

"Bibi," nikamwambia, "nimesema kwa jina lako jambo ambalo hukuniambia. Kama hukumsamehe, tafadhali usimwambie."