Mabeseni ya Nyumba ya Ngari

Nyumba ya Ngari, nje kidogo ya Siakago, ina vyumba saba na haina mtu. Mwenyewe yuko Marekani. Huja Desemba kwa wiki mbili, akarudi. Miezi mingine yote hulindwa na Rwamba, mjane wa boma la pili, aliyebuni mbinu ya kuwapumbaza wezi: nyumba ionekane ina watu.

Akaanika shati kuukuu kambani, akapanga viatu mlangoni, kisha akajaza maji mabeseni manne uani, kana kwamba kuna mtu alikuwa anafua akaitwa mara moja. Kila Jumapili baada ya kanisa, Ngari alipiga simu ya video kukagua. "Mama Mwaniki, wewe unashinda hata masoja wa Nairobi!" alimsifu, akimwita kwa jina la mwanawe, na Rwamba akatembea kichwa juu wiki nzima.

Maji yale hayakumwagwa kamwe. Nani amwage maji huku Mbeere, ambako mtungi mmoja ni safari ya asubuhi nzima? Yakipungua, aliyaongeza.

Wezi hawakuja. Ilikuja malaria. Mjukuu wake Kanini, wa miaka sita, alilazwa Machi, akalazwa tena Mei, na mara hii ya pili hakumtambua nyanya yake. Rwamba aliogopa. Aliporudi nyumbani alimvaa jirani yake Igoki kuhusu birika lake la kunyweshea mbuzi, akidai ndilo linalozalisha mbu, wakatukanana mpaka watu wakatoka kutazama.

Ishmael, mhudumu wa afya wa kijiji, alikwenda kulikagua birika hilo. Lilikuwa kavu, mbuzi walikuwa wameyamaliza maji yote. Njiani kurudi akapitia uani kwa Ngari, akamkuta Rwamba, akachota beseni moja kwa kikombe. Viluwiluwi vya mbu vilijaa tele, vikijinyonganyonga.

"Mama Mwaniki," akasema, "kumbe hii nyumba iko na watu wengi hivi?"

Rwamba hakucheka. Aliona haya, tena haya nzito. Alimwagia migomba yake maji yote, akayasugua mabeseni na kuyafudikiza.

Jumapili simu ikalia. "Mama Mwaniki, mbona boma limekauka? Mwizi akipita si atajua hakuna mtu?"

Rwamba akaigeuza simu kuelekea mkekani, alikokuwa ameketi Kanini, shingo imekonda, akinywa uji wake wa kwanza tangu atoke hospitalini.

"Mtu ni huyu hapa, Ngari. Kama ni kuchunga, nimeanza na yeye."