Usipumue na Mashine ya Wifi Yake

Hospitali nzima ilimwita Usipumue, kwa sababu kwa miaka ishirini na mbili ndilo neno alilowaambia wagonjwa kabla ya kubonyeza kitufe cha eksirei. Kazi hiyo alimfundisha pia wifi yake, mdogo wa mumewe.

Mashine ya sitiskani, yaani CT scan, ilipoletwa, aliyechaguliwa kwenda kuisomea ni wifi. Akarudi, akapewa chumba chenye kiyoyozi. Usipumue akabaki na feni yake inayolia. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mashine ile ilisema yenyewe, "Vuta pumzi. Usipumue."

"Wifi, njoo uone inavyoupiga mwili picha za vipande vyembamba kama vya mkate, kisha inaujenga upya."

"Mikate nimeiona," Usipumue akajibu.

Asubuhi moja mama mkwe aliteleza bafuni, akaletwa akilalamika shingo. Usipumue akampiga picha tatu. Daktari wa zamu akazitazama, akasita.

"Tumpeleke sitiskani?"

"Hizi zinatosha, daktari. Hakuna kilichovunjika."

Alijua pingili za juu hazikuonekana vizuri. Roho haikumpa kusukuma kitanda hadi mlango wa wifi.

Daktari akaitwa kwingine. Mama mkwe akasema taratibu, "Mwanangu, vidole vinakufa ganzi."

Hapo woga ukaushinda wivu. Akamkataza kugeuza kichwa, akamsukuma mwenyewe.

"Wifi, mpige mama shingo. Nimechelewa kumleta, kosa ni langu."

Wifi akamwingiza mama yake kwenye mashine. Punde shingo ikawa inazunguka kwenye skrini, mifupa mitupu, mbele, ubavuni, nyuma. Kwenye pingili ya pili kulikuwa na ufa.

Mama mkwe alivaa kola ya shingo miezi mitatu, akapona. Usipumue alimweleza daktari kila kitu, akapewa onyo la maandishi. Lakini nyumbani kila mgeni aliambiwa, "Binti yangu ndiye aliyeuona huo ufa," na Usipumue akimimina chai, moyo ukimuuma vilevile.

Mwishowe akaomba naye afundishwe. Mkuu wa idara akamwambia mwalimu ni wifi yake. Siku mbili alibaki na feni yake. Ya tatu akaingia kile chumba, akavuta stuli.

"Nionyeshe. Lakini usinicheke."

"Nani wa kukucheka, wifi? Mimi ulinivumilia mwaka mzima."

Mwezi ulipokwisha alikuwa anapiga vichwa na vifua peke yake. Wivu haukumtoka wote. Wifi akisifiwa mbele yake, bado huinama akatafuta la kufanya.