Kijiko mu nguzo ya salon

Mutoto wangu wa kwanza aliweka sahani ya maharagi chini, akasukuma kijiko mu nguzo ya salon yangu, chumba cha kupokea bageni. Kikaingia mpaka kwenye vidole vyake.

"Papa, hii hapana nyumba. Ni keki."

Alikuwa ametoka kwake Mulekera, kule Beni, na alikuwa amekwisha kuamua. Nyumba ya miti na udongo ivunjwe, matofari yaletwe. Bakwe ba mudogo wake wa kike balikuwa karibu kuja Butembo na mbuzi za mahari, na hakutaka bakae mu harufu ya uyoga.

Mimi nilisoma miaka tatu tu. Lakini ile nyumba niliijenga na hii mikono, muti wa karitusi moja moja kwenye bega. Nikamwambia: "Nipe mvua moja. Kisha uvunje."

"Moja, Papa. Hapana mbili."

Nikamwaga majivu makavu ndani, chini ya kuta zote. Mvua ikaja. Juu, manjanja, yale mabati ya paa, hayakuvuja hata tone. Chini, asubuhi yake, majivu yalikuwa uji. Basi maji hayakutoka kwenye paa. Yalipanda kutoka udongoni.

Na hapo nikamujua mwenye kosa. Ni mimi. Zamani, nilipoanza kuitwa patron, mutu wa mali, nilipaka simenti juu ya ukuta wa udongo, ndani na inje, mpaka chini kabisa, ili batu baseme nimejenga durable, nyumba ya kudumu. Ukuta wa udongo unapumua. Mimi niliuziba pua. Maji yalipopanda hayakupata fasi ya kutokea, yakakaa kwenye miguu ya nguzo, yakaiozesha.

Nikashika nyundo, nikaanza kubandua ile simenti. Maçon mumoja, fundi wa kujenga matofari, jirani yangu, akasimama barabarani.

"Muzee, unajivunjia mwenyewe? Si mutoto wako alikuwa analeta batu ba kuvunja?"

"Mutu anavua koti yake, wewe inakuuma wapi?"

Nguzo tano zilikuwa zimeoza. Zingine zilikataa kisu. Nilishikiza paa na miti mingine kwanza, kisha nikakata kila mguu mubovu mpaka fasi muti uko mugumu, na shibiri moja tena juu, maana kuoza kunajificha. Nikaunga karitusi kavu, nikaipaka vidange, yale mafuta meusi yanayotolewa mu magari, nikaisimamisha juu ya jiwe, hapana juu ya udongo. Mateke ya mama batoto, yale magimbi aliyokuwa anayamwagia maji kando ya ukuta, niliyahamisha. Alinuna siku mbili. Nikachimba mufereji wa maji ya paa. Ukuta nikauacha uchi mpaka ukakauka kabisa. Kisha udongo, kisha chokaa. Simenti, hapana.

Siku ya bakwe mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile ya kupiga manjanja mpaka batu banasalimiana kwa kelele. Nilikuwa nimemwaga majivu tena chini ya kuta. Mutoto wangu akainama mbele ya bote, akachota na kijiko, akapuliza. Majivu yakaruka kama unga, yakatua kwenye koti nyeusi ya muzee wa bakwe. Muzee akapiga chafya. Salon nzima ikacheka, na mbuzi mulangoni zikalia.

"Papa," akasema, anafuta ile koti, "na matofari yangu?"

"Lete. Kuku bangu habana nyumba."