Mishiri ya Mama Mkwe

Wangui hajui kutulia. Hata kanisani hapa Kabazi mguu wake hupiga sakafu mpaka mchungaji amkazie macho. Kazi ndiyo imemharibu: yeye hukagua mishiri yetu, yale maharagwe machanga ya kwenda ng'ambo, kabla lori halijapakia. Hawezi kuangalia yote, kwa hivyo huchota mia moja kutoka kreti za mkulima. Mibovu mitano inasamehewa. Wa sita ukionekana, mzigo mzima unarudi kulisha ng'ombe. Wangu ulirudi wiki iliyopita, na bado nimenuna.

Sisi nasi ni wajanja, mizuri tunaipanga juu. Ndiyo maana yeye huchota chini.

Kosa lake ni kulisema hilo mezani, mbele ya mama mkwe wake, Mama Hezekiah. Jumanne mama huyo akaleta kreti zake. Wangui akachota chini, akahesabu: mmoja tu ndio mbovu. Na mvua ya mawe ilikuwa imechapa mashamba yetu yote! Nilimwona Wangui akisimama, akiketi, akifuta mikono kwenye aproni safi. Angepitisha, nani angemlaumu? Lakini mnunuzi akifungua kreti huko ng'ambo, angetukataa sisi sote. Nami, Mungu anisamehe, nilitamani apitishe ili nipate la kusema.

"Tunachelewa, boss!" dereva akaita.

Wangui akarudi kwenye kreti, akachota juu.

"Si umeshahesabu?" mama mkwe akauliza.

"Nimechota vibaya, mum."

Wa sita ulitokea kabla hajafika nusu.

"Pole, mum. Hii irudi." Mama Hezekiah akabeba kreti zake, nasi tukajifanya tunafunga kamba za viatu.

Yaliyofuata Mama Hezekiah alinisimulia mwenyewe. Jioni alipika mishiri hiyo kwa nyama, akampakulia mwanawe kutoka chini ya sufuria, minofu mitupu. Wangui, ambaye tangu arudi hakuwa ameketi, akapewa mchuzi wa juu.

"Mum, mbona yangu haina nyama?"

"Si siku hizi unachota juu?"

Wangui akaanza kulia. Akaketi, akasimama, akaketi tena. Mama mkwe akamsukumia sahani yake mwenyewe, iliyojaa.

"Kula kwanza," akamwambia. "Halafu uhangaike."