Siku Mbili Nilizomwibia Mama

Harufu ya kamba ya mugomba, ile yenye kukaa na moshi wa jikoni, siipendi mpaka leo. Sokoni wakifunga nayo mizigo, mimi naangalia pembeni. Nitawaambia ninyi sababu. Kwetu wengine walibebwa na magonjwa, wengine na vita, nimebaki peke yangu, na hakuna tena wa kunikataza kutaja majina.

Tulikaa Walikale, ndani ya pori. Mama alikuwa na dada mumoja tu, Mama Mukubwa Sifa, aliyeolewa mbali kwenye milima ya Masisi, kwenye shamba la Muzungu upande wa Burungu. Kapita, musimamizi wa shamba, Anzuruni, muntu wa roho mubaya, alimupa ruhusa mara moja tu kwa mwaka: sikukuu ya Mama Maria, mwezi wa munane, siku mbili kule misioni. Ndugu wawili hawa walikuwa na miaka tano bila kuonana.

Mwaka ule mama akapanga safari ya kumukuta kule. Katekista alimwambia siku zilizobaki. Mama, asiyejua kusoma, akapunguza siku tatu za kutembea, akafunga mafundo kumi kwenye kamba na kuitundika juu ya moto.

"Feza, wewe njo mutoto wa masomo. Kila asubuhi fungua fundo moja. Yakiisha, tunaondoka."

Masomo yenyewe, mwaka moja na nusu!

Lakini siku zile zile vijana wetu waliotahiriwa walikuwa watoke porini. Ngoma, nyama ya nguruwe wa pori, mafuta ya mawese yanatiririka mpaka kwenye viwiko. Binamu yangu Masika akanichokoza: "Wewe utapiga magoti, sisi tutalamba vidole. Pole, Mama Sista!"

Asubuhi mbili sikufungua kitu. Nikacheza ngoma. Nikakula mpaka nikatapika.

Tulipofika misioni, maua yalikuwa yamenyauka kwenye mulango wa kanisa. Mama mumoja mwenye kufagia akamutazama mama yangu.

"Njo wewe wa Walikale? Dada yako alikaa pa ile ngazi siku zote mbili. Hata misa hakuingia, eti utapita asikuone. Kapita alimurudisha jana."

Akatupatia kibuyu cha maziwa alichoacha Mama Mukubwa. Mama hakuonja. Mimi nilikunywa yote. Kumufuata shambani haikuwezekana, Anzuruni alifukuza wageni kwa fimbo.

Nyumbani, papa yangu Kubuya akacheka mbele ya watu: "Bibi yangu anahesabu kama kuku!" Akamukataza kusafiri tena. Mwezi wa munane mwingine haujafika, Mama Mukubwa akafa kwa kuzaa.

Nimemutaja Anzuruni, nimemutaja Kubuya. Wa tatu ni mimi, Feza. Wakati ule nilizani tumekosa sikukuu tu, na sikukuu inarudi kila mwaka.

Mama alipokuwa anakufa, mwenye nywele nyeupe, akanishika mukono. "Feza, wewe ulisoma. Nilikosea wapi kuhesabu?"

Nilikuwa muntu mukubwa, na watoto wangu sita. Nikamwambia: "Ni katekista alikudanganya, Mama."

"Aksanti, mutoto wangu," akasema. "Maisha yote nilizani ni mimi."