Usingizi wa Papa Emile

Uhuru ulipofika mwaka 1960, kila mtu wa mtaa wetu wa Mangobo alipata kitu chake. Wengine walipata kazi za wazungu, wengine walipata hotuba. Papa Emile, karani mstaafu wa ghala la pamba, alipata kitanda.

Kilikuwa kitanda cha chuma chenye resori, zile springi za kulalia, kilichoachwa na bosi wake wa zamani aliyekimbilia Ulaya. Vijana walikibeba vichwani hadi kwake, naye akawafuata nyuma ndani ya suti, polepole, kama anayesindikiza maiti ya mkubwa. Tangu siku ile hakulala tena.

Resori zilikuwa zimelegea. Kitanda kilizama katikati, na kila alipogeuka kililia. Mke wake, mama Angèle, mtu wa kijijini Yanonge, alikijaribu siku chache, kisha akarudi kwenye mkeka wake chini na kulala vizuri. Papa Emile hakukubali kwamba kitanda kina kosa. Alituambia ni umri, tena ni akili: mtu aliyesoma hawezi kulala kama gunia la mihogo. Basi asubuhi alikunywa kahawa ili afungue macho. Baada ya chakula alisinzia kwenye kiti cha barazani mpaka jua likashuka, mdomo wazi, miwani kifuani. Akiamka, anaitisha kahawa nyingine. Giza likiingia, macho yake makavu kama ya samaki wa moshi, anaanza kushangaa usingizi umekwenda wapi.

Mwaka 1964 waasi waliingia mjini. Kila aliyewahi kushika kalamu na kuvaa kravati shingoni walimwita msaliti, na wengi walipelekwa kando ya mto wasirudi. Haikupita wiki, komanda wao mmoja, kijana mwenye majani kichwani, akasimama mlangoni kwa Papa Emile.

"Weye iko karani?"

"Hapana, chef. Mimi iko mulimaji."

Kijana aliangalia ndani. "Mulimaji na kitanda ya muzungu?"

Mama Angèle ndiye aliyesema, "Iko ya kwenu, chef. Tulikuwa tunawachungia."

Wakakibeba. Na kwa kuwa alijiita mkulima, ilibidi alime. Kila asubuhi alipita mbele ya askari wa waasi na jembe la mkewe begani, miguu peku, akaenda kupigana na majani nyuma ya nyumba za mwisho. Kusinzia barazani hakukuwezekana. Nani angethubutu kukaa anaonekana? Kahawa ilikuwa imepotea sokoni. Jioni alikula pondu ya majani ya mihogo, akajinyoosha kwenye mkeka kando ya mkewe, na mara moja alikuwa amekwenda. Mwanzoni mama Angèle alikuwa akimshika kifua ajue kama anapumua. Sisi majirani, ambao woga ulitunyima usingizi, tulisikiliza mkoromo wake ukipita ukutani. Watu walikuwa wanakufa, naye mashavu yanajaa.

Mwezi wa kumi na moja askari wazungu walishuka kutoka mbinguni kwa miavuli, jeshi la serikali likafuata, waasi wakakimbia. Jeshi nalo likaua wa kwake, waliosemwa kuwa waasi. Papa Emile akatupa jembe, akatoa suti.

Tulikutana kwenye matanga ya kaka wa Zuberi, yule fundi viatu wa mtaa wetu. Zuberi alipokea wageni. Aliyesema sana ni Papa Emile: jinsi alivyoteswa, jinsi yeye, mtu wa heshima, alivyolazwa chini kama mbuzi.

Mama Angèle alimwambia kwa sauti ndogo, "Lakini Emile, ile myezi ulilala."

"Nililala kwa uchungu," akajibu, na wageni wawili wakamwonea huruma.

Kabla ya mwaka kwisha alipata kitanda kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, kutoka kwa watu waliokuwa wakiuza vitu vya nyumba za wazungu bila kusema walivipataje. Kahawa ilirudi sokoni, na kiti kikarudi barazani. Ukipita pale mchana, alikuita akueleze kwamba siku hizi hapati hata lepe la usingizi. Waasi, alisema, ndio waliomwibia. Nasi tulimwitikia, maana ni mzee wetu, tena alikuwa amekwisha kufunga macho pale kitini, anakoroma.